Kinawaka Mno

Baba alikuwa mwalimu mstaafu pale Misigiri. Mimi ndiye mtoto aliyekwenda Singida mjini kutengeneza programu za kompyuta, akabaki na Kinyiramba cha kusalimia tu. Jambo hilo lilimuuma. Basi nikamtengenezea programu ndogo ya kamusi: neno la Kiswahili, mfano wake, na pembeni nafasi ya Kinyiramba. Ajaze yeye kuanzia A, wanangu waje wasome.

Alijaza kama alivyokuwa akisahihisha madaftari, bila kuruka neno. Kila Jumapili dada yangu, aliyekuwa akikaa naye, alinitumia faili. Nilitazama maneno yameongezeka mangapi, nikafunga. Kusoma sikusoma.

Kisha baba akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na macho yake yakawa hayataki mwanga mkali. Dada akaiweka kompyuta kwenye mandhari nyeusi. Kila kitu kwenye skrini kikatii, kikawa cheusi, isipokuwa programu yangu. Nilipoiandika sikuiagiza iulize kompyuta imevaa rangi gani. Niliipaka nyeupe kwa mkono wangu, nyeupe pepepe, na nikajiona fundi.

Siku zile zile programu ikagoma kufunguka. Nikatuma marekebisho, nikapiga simu.

"Shikamoo, baba. Kile kidude sasa kinawaka?"

"Marahaba. Kinawaka, mwanangu. Kinawaka mno."

"Afadhali!" nikasema, nikakata simu kwa furaha.

Mtu mzima na akili zangu, sikuisikia ile mno. Mimi nilimaanisha kuwaka kwa kufunguka, yeye alimaanisha kuwaka kwa mwanga, kama moto machoni. Hakurudia. Hakuwa mtu wa kulalamikia zawadi ya mwanawe.

Baada ya wiki chache maneno yakaacha kuongezeka. Nikamnunia. Nilimwambia dada kwamba mzee amekuwa mvivu, na kwa kauli hiyo sijajisamehe mpaka leo.

Tulipokwisha kumzika ndipo dada akaniambia. Baba alikuwa akiandika humo ndani ya nyumba amevaa kofia yake pana ya kwenda shamba la alizeti, ameishusha mpaka kwenye nyusi kukinga mwanga wa skrini. Nilicheka kwanza. Kisha nikalia mbele ya watu, kwa sauti, wakanishika.

Juzi nimeirekebisha. Ni mistari mitatu tu, kazi ya kabla ya chai. Sasa programu inafuata rangi ya kompyuta, inapendeza, na inanitia uchungu kuitazama.

Nikasoma, kwa mara ya kwanza. Kamusi imeishia kwenye M, neno "mulika". Kwenye mfano baba ameandika: "Usinimulike, mwanangu, macho yananiuma."

Nafasi ya Kinyiramba ameiacha tupu. Nimekaa hapo nikijaribu kuijaza mwenyewe, na katika sentensi nzima neno ninalolijua kwa Kinyiramba ni moja tu: "mwanangu".