Bibi Arusi wa Ngano

Inshirah alikuwa mtu wa hasira tangu utotoni, na haki alikuwa nayo. Baba yake alikuwa fundi cherehani kaskazini mwa Delta, pale mto mkubwa unapoingia baharini, ambako chumvi ya bahari ilipanda ardhini mpaka mashamba yakawa meupe. Shuleni walimu walilificha somo, wakaliuza jioni kwa watoto wenye pesa. Yeye alisikilizia nje ya dirisha. Akafaulu hivyo hivyo, akawa daktari wa mbegu, na wenzake walipokimbilia Ujerumani na Ghuba, akabaki.

"Na mimi nikiondoka," alimwambia mama yake, "nani atatuondolea aibu hii ya kula mkate unaoletwa na meli?"

Zaidi ya miaka kumi alihangaika kwenye kituo cha utafiti, akitafuta ngano isiyoogopa chumvi. Mwaka jana ikakubali. Siku ya mavuno, Mama Fathi, kibarua wa kituo, akachagua masuke yaliyojaa kuliko yote, akayasuka kimwanasesere kiitwacho bibi arusi, akaenda kumtundika juu ya mlango wa nyumba yake mwenyewe kuleta baraka, kama walivyofanya mama yake na nyanya yake.

Inshirah akawaka moto. "Mwizi wee! Hiyo mbegu ni ya utafiti, si ya kuchezea!"

"Mimi mwizi?" Mama Fathi akashika kiuno mbele ya vibarua wote. "Mwanangu, nimevuna hapa wewe hujaota meno. Suke la kwanza ni la nyumba. Hata mabwana wa zamani wenye ardhi, na roho zao mbaya zile, hawakutunyima hilo!"

Hawakusalimiana tena.

Mbegu za akiba zilikuwa kwenye friji. Mkurugenzi, Bwana Izzat, akaihamishia friji ofisini kwake ipoze soda za wageni, na mbegu zikaachwa kabatini zikaliwa na fukusi. Inshirah akapanda zile chache zilizosalia. Zikaota vizuri, zikachanua. Punje zikiwa bado na maziwa, hazijakomaa, likaja tingatinga. Shamba la kituo lilikuwa limepewa shemeji wa mbunge, ajenge majumba ya kifahari.

"Nchi inajengwa, daktari," akasema Bwana Izzat. "Nyumba ndiyo uchumi."

"Na hao wa kwenye nyumba watakula nini? Saruji?"

"Punguza ukali. Andika barua, utapewa shamba jingine."

Barua! Hivi watu hawa wana haya kweli? Nchi hutajirika kwa akili za watu wake, hilo hata mtoto analijua. Lakini akili ikizaliwa kwa fundi cherehani itasimama nje ya dirisha, na ikijipenyeza ndani itafukiwa na shemeji wa mtu. Kisha wanahesabu saruji, wanaiita maendeleo. Laana!

Inshirah alisimama mbele ya tingatinga mpaka walinzi wakambeba juu juu. Akakaa chini, akalia kwa hasira. Ndipo akakumbuka kile kitu juu ya mlango wa Mama Fathi.

Alipofika, bibi arusi alikuwa bado ananing'inia, amefifia kwa moshi. Mama Fathi alikuwa anakanda unga, na wala hakuinuka.

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi, au mbegu?"

"Vyote viwili, mama."

"Nitakupa. Lakini ile mbegu yenu ya zamani, ya kabla ya hii, ilikwenda kwa nani? Kwa wenye mashamba makubwa ya kando ya barabara kuu. Sisi tukapewa kibarua. Hii tutaipanda kwenye kishamba changu, halafu itakwenda kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Kituoni hairudi."

Inshirah akafungua mdomo kutaja sheria na mali ya serikali. Upande wa kituo vumbi lilikuwa bado linapanda.

"Hairudi," akasema.

Mama Fathi akajifuta unga, akamshusha bibi arusi, akampukuchua taratibu. Daktari wa mbegu akakinga viganja viwili.

"Shika vizuri usimwage," akasema Mama Fathi. "Mali ya wizi hiyo."