Goti la Kusomea Mita

Kazi yangu ni kusoma mita za maji mtaa wa Spring Valley. Mita hukaa chini, ndani ya kisanduku cha zege kando ya geti, na ili uione namba lazima upige goti. Nyumba baada ya nyumba, asubuhi hadi saa kumi. Goti langu la kulia ndilo linalonilisha.

Mwaka jana bosi aliamua kwamba idara yetu itashinda mbio za kampuni. Akaandika jina langu juu kabisa ya orodha bila kuniuliza, kwa sababu nyumbani ni magharibi mwa nchi, na kwake yeye kila anayepita Nakuru akienda kwao ni mkimbiaji wa milimani. Kwetu ni tambarare ya miwa. Kitu pekee nilichowahi kukimbiza ni lori la miwa, nichomoe mbili tatu kabla halijaongeza kasi.

Nilifanya mazoezi, ujinga wangu. Kila alfajiri niliteremka mlima wa Mutuini, ninakokaa, mbio, na wiki ya tatu goti likaanza kuuma nyuma ya pia yake. Daktari wa kliniki alilibonyeza, akasema nipumzike wiki sita, la sivyo nitalijutia. Nikampelekea bosi barua yake. Aliisoma huku akitabasamu, akawaonyesha wenzangu.

"Wewe na goti wapi na wapi? Goti ni shida yetu sisi wa kupanda lifti hapa ofisini."

Nikamweleza habari ya lori la miwa. Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwa maana baada yake sikuweza tena kukataa.

Nilikimbia. Kwenye mteremko wa mwisho goti lilikwama, nikamaliza nikichechemea. Tulikuwa wa nne. Jumatatu, kwenye geti la kwanza, goti lilikataa kukunjika. Nikaketi kwenye nyasi, mguu nimeunyoosha, nikasoma mita hivyo. Askari wa geti aliniuliza kama nilianguka. Niliona haya kumwambia kwamba nilitumwa kukimbia.

Juzi orodha ya mbio za mwaka huu ilibandikwa. Jina langu tena juu kabisa. Nililikata kwa kalamu, nikaandika la bosi. Akaja akiuliza ni nani amechezea orodha.

"Ni mimi, bosi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikachukua daftari langu la mita, nikashuka ngazi moja moja, nimeshika reli.