Siku Mwalimu Shamimu Alipofunga Peke Yake

Barua ya kamati ya msikiti kwa Mwalimu Shamimu niliiandika mimi. Mwandiko wangu anaujua, kwa sababu ndiye aliyenifundisha jiografia kule Mikumi nikiwa kidato cha pili. Nilitamani kazi hiyo aipate mtu mwingine. Lakini ukatibu wa msikiti ni kazi ya lawama, na mimi lawama nimeizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Mwalimu alistaafu, akamzika mumewe, akarudi Kilosa kwenye nyumba ya baba yake. Mtoto hakujaliwa. Msikiti ukampa darasa la wasichana la madrasa, na kwa miaka tisa darasa hilo ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Aliniambia mwenyewe bila kuona haya: "Bila wale watoto, mwanangu, mimi ni mtu wa kungoja kufa tu."

Baada ya Kurani aliwafundisha habari za jua na mwezi. Kila ikifika tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, alisimama nyuma ya nyumba na kipimo chake cha ubao chenye uzi na kokoto, akaikabili milima iliyo magharibi ya mji, akapima, akaandika. Milima hiyo ndiyo inayotutesa. Huficha jua mapema, na mwezi mchanga nao huzama nyuma yake kabla mtu hajafuta miwani.

Msikiti wetu una ada yake: hatungoji redio. Akitokea mtu mwaminifu wa hapahapa akaapa kwamba ameuona mwezi, basi tunafunga au tunafungua. Babu zetu walifanya hivyo na sisi tunajivunia, pengine kupita kiasi.

Mwaka jana, jioni ya ishirini na tisa Ramadhani, Shomari wa bodaboda alifika mbio. Ameuona mwezi juu ya milima, mwembamba, mwekundu. Shehe Kibwana, imamu wetu, akamhoji, akamwapisha, naye akaapa. Shomari si mwongo. Mwezi mzima alibeba abiria kwenye jua kali na funga yake kinywani. Takbira zikaanza, akina mama wakakimbilia majiko.

Uani alikuwepo Saning'o, mfugaji wa bondeni, aliyetuletea ng'ombe wa Idi. Alicheka, kisha akaona anacheka peke yake.

"Shehe, shikamoo," alisema. "Mwezi nimeuona leo alfajiri nikitoa ng'ombe. Ule wa zamani, uko mashariki. Leo hii jioni utakuwaje mpya, tena magharibi?"

Wafugaji wenzake huhesabu miezi kwa macho, na sherehe zao zote hufuata hesabu hiyo. Lakini mzee mmoja wa kamati akamwambia, "Baba, wewe si Mwislamu. Ushahidi wako hapa hauna nafasi." Saning'o akafunga ng'ombe kwenye nguzo, akaondoka.

Ndipo Mwalimu akaingia na daftari lake. Akasalimia, akasema polepole, "Kijana hakudanganya. Ameona moshi wa ndege umepigwa na jua. Mwezi leo umezama kabla ya jua, Shehe. Hakuna wa kuuona."

"Mwalimu, tumeamrishwa kuuona," alijibu Shehe. "Hatukuamrishwa kuupigia hesabu."

"Mbona adhana mnaita kwa jedwali lililobandikwa ukutani? Ile si hesabu ya jua?"

Jedwali lile nililibandika mimi, na gundi nilinunua mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

"Wengi wape, Mwalimu," mzee yule akadakia.

"Wengi wape ubwabwa. Mwezi hauhesabu vichwa."

Watu wawili walicheka, na kicheko hicho kikamponza. Shehe Kibwana si mtu mbaya. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, nami nikasikia: "Shahidi ameapa. Nikimkataa sasa, nimemfanya mwongo mbele ya mji. Unataka nimfanyie hivyo?" Mwalimu akafunga daftari lake, akaondoka.

Kesho yake, siku ya Idi, mke wangu alimpelekea pilau. Mwalimu alipokea, akaifunika, akasema, "Ahsante mama. Nitaila magharibi." Kufikia adhuhuri Kilosa nzima ilijua kwamba mwalimu wa madrasa amefunga siku ya Idi. Kufunga Idi ni haramu, hilo hata mtoto anajua. Yeye alikuwa na hakika kwamba bado ni Ramadhani. Alifunga peke yake, ngoma zikipigwa mlangoni kwake.

Jioni hiyo mwezi ulionekana. Tulikuwa wengi uani. Ulikuwa uzi tu, mwezi wa siku ya kwanza ambao hata kipofu asingeukosea, na ukazama haraka. Shomari aliutazama kwa muda mrefu, akawasha pikipiki, akaondoka bila abiria. Nilipaswa kusema mimi kwamba Mwalimu alikuwa sahihi, na sikusema. Hadi leo nakasirika nikikumbuka, na wa kumkasirikia ni mimi.

Wiki ile kamati ikakaa. Masharti yakawa mawili: Mwalimu aseme mbele ya waumini siku ya Ijumaa kwamba alikosea, na asifundishe tena habari za mwezi darasani. Akikataa, darasa litapewa mwingine. Barua nilimpelekea mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akaisoma hadi mwisho. "Wewe jioni ya Idi ulikuwepo uani?"

"Nilikuwepo."

"Ule mwezi ulikuwa wa siku ngapi?"

Nilijua jibu. Alinifundisha mwenyewe. Nikasema, "Mwalimu, watu wamechoka. Kubali, yaishe."

Akaikunja barua mara nne. "Hata mimi nimechoka," akasema. "Nenda kawaambie nitakuja."

Ijumaa, kutoka nyuma ya pazia la akina mama, kipaza sauti kilileta sauti yake: "Nilikosea. Mnisamehe." Hakuongeza kitu. Shehe akamwombea dua ndefu, nzuri, na nadhani alimaanisha kila neno. Shomari hakuonekana siku ile.

Jumatatu nilipita madrasa kupeleka boksi la chaki. Watoto walikuwa wamejaa kwenye mkeka, na Mwalimu yuko mbele yao kama zamani. Nikafurahi. Nikajisemea kwamba afadhali darasa amebaki nalo, hayo mengine yatapita.

Mwanahawa, binti wa miaka kama kumi, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa nini mwezi mwingine una siku ishirini na tisa, na mwingine thelathini?"

Mwalimu akageuka, akaniona mlangoni.

"Kamuulize Shehe," akasema.

Mtoto akatabasamu, akidhani ni utani, akangoja. Alipoona jibu haliji, tabasamu likaisha.

"Kumbe hata wewe hujui?"

"Ndiyo, mwanangu," alisema Mwalimu Shamimu. "Sijui."