Uyoga wa Ndani ya Beseni

Ndugu yangu, juzi binti yangu aliingia nyumbani amelowa chapachapa, beseni ya uyoga kichwani, karatasi ya shule ameificha ndani ya blauzi. "Mama, nilipata pointi yote!" Kwenye karatasi alikuwa amechora uyoga safi kabisa: kofia, mguu, hata vile vikunjo vya chini ya kofia, kila kitu na jina lake la Kifaransa. Halafu akatua beseni. "Sasa ile ya kula njo gani? Ni ipi?"

Basi nikamkumbuka mwalimu wetu wa mwaka wa nne, hapa hapa Kamina. Mvua za kwanza zikishapiga, alikuwa anafunga darasa na kutupeleka porini, nyuma ya reli. Sisi watoto wa mjini tuliuita uyoga bowa, watoto wa askari wa kule base, kambi ya jeshi, waliuita mayebo, tukabishana njia nzima, karibu tupigane. Yeye alicheka tu: "Muite vile munapenda. Uyoga wenyewe haujui jina lake." Kisha, "Magoti chini!" Ee, tulipiga magoti kwenye tope na sare zetu nyeupe! Tulisukuma majani, tukafukua kwa kidole mpaka mguu unapoishia, tukanusa, tukavunja. Pale pale ulipoota ndipo alituonyesha upi wa kula na upi wa kuacha. Aliyeutia kikapuni bila kumwita kwanza, kikapu chake kilimwagwa chote. "Uyoga unaulizwa kwao," alikuwa anatuambia. Jioni mama aliupika na karanga, bukari, ugali wetu, ikitoa mvuke, nami nilikula kwa majivuno maana nilijua ninachokula.

Sasa beseni iko mbele yangu: mweupe, mwekundu, wa kahawia, umechanganyika.

"Mulitoa wapi?"

"Kila mutoto alileta yake kwa shule, wakanipa yote."

Mungu wangu! Niligeuza mmoja mmoja, nikanusa. Hakuna kichuguu, hakuna mti, hakuna majani yaliyooza. Vidole vilitafuta udongo na havikuupata. Sikujua kitu, ndugu yangu, kitu hata kimoja. Niliimwaga beseni yote chooni, na mtoto wangu akalia kama aliyefiwa.

"Weye unajua! Basi unifundishe!"

Nimfundishie wapi? Pori lile lilikatwa likachomwa makala, makaa ya kupikia, gunia kwa gunia, na sisi wote tumepikia makala hayo. Nimlaumu mwalimu wake? Maskini, darasa lake limejaa mpaka mlangoni, na mtihani unauliza majina tu. Nilibaki na mikono mitupu, nikikasirika bila kujua nimkasirikie nani.

"Nyamaza, mama," nilimbembeleza. "Tutaenda porini mvua ikinyesha."

Aliacha kulia, akanitazama. Mvua ilikuwa inapiga mabati tangu asubuhi, na ahadi hiyo ilibidi niitoe kwa kupaza sauti ili aisikie.