Mzinga wa Jirani

Juzi nilipita Lewisham, London, mitaa ile ya nyuma ya hospitali, nikasimama mbele ya nyumba niliyokulia. Kwa jirani wamejenga banda la baiskeli pale palipokuwa na mzinga. Ndiyo, mzinga. Usicheke kwanza.

Jirani yetu alikuwa mzee mmoja, mtoto wa Wajamaika, aliyezaliwa Havana wazazi wake walikokwenda kukata miwa. Kule, kwenye mlango wa bandari, Wahispania walijenga ngome juu ya mwamba kuulinda mji, na kila saa tatu usiku mzinga ulilia kutangaza kwamba malango yanafungwa. Aliyechelewa alilala nje. Malango yalivunjwa zamani, ila mzinga haukuacha kulia, na mzee wetu naye hakukubali kuuacha. Ikifika saa tatu alitoka uani, akagonga karai la chuma kwa nyundo, na mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Sisi watoto wa mtaa tulipenda kisa cha Waingereza. "Mizinga ya ngome ilitazama baharini," alisema akiegemea ua, "wao wakaja kwa nyuma, kilimani." Wakachimba chini ya ukuta, wakaulipua, wakauteka mji. Wahispania waliporudishiwa mji wao ndipo wakajenga ngome nyingine, kubwa zaidi, juu ya kilima kile kile. Nilipomtafsiria Bibi alicheka. "Majuto ni mjukuu," akasema, akinitazama mimi mjukuu wake.

Bibi yangu, ambaye mapinduzi yalimtoa Unguja, hakupatana na jua la London. Mwaka ule Ramadhani iliangukia siku ndefu za joto. "Jua gani hili lisilo na haya, halijui kuaga," alilalamika. Kwao futari ilitangazwa kwa mzinga. Huku alifuturu kwa saa ya ukutani, na moyo wake haukutulia. Aliogopa funga zake zinakwenda bure, na hofu hiyo ilimchosha kuliko njaa.

Basi jioni moja jua likazama saa tatu kamili, na karai likalia papo hapo. Bibi akashika tende mkononi, machozi yanamtoka. "Mzinga wa futari, mjukuu wangu!" Tangu hapo hakuitazama tena saa. Baba na mama walikuwa zamu za usiku, tukabaki sisi wawili na uji wa pilipili manga, kachori, na ndizi mbichi za sokoni alizozipika kwa nazi ya kopo.

Kosa lake likawa hilo. Siku zile jua huchelewa kidogo kila jioni, lakini mzinga wa Havana haujui kuchelewa. Mawingu yalitufichia jambo hilo, mpaka jioni moja mbingu zikawa safi. Karai likalia, Bibi akatia tende mdomoni, nami nikaliona jua limekaa juu ya dohani la nyumba ya nyuma. "Bibi, the sun's still there!" nikapiga kelele. Akaitema tende kiganjani, akaketi kwenye ngazi ya jikoni. "Funga zangu," akasema. "Ole wangu, funga zangu."

Jirani alichungulia kuuliza kulikoni. Nikamweleza. Akavua kofia.

Kesho yake saa tatu ikafika, kimya. Mzee alikuwa amesimama uani na nyundo yake, macho kwenye jua. Lilipotoweka kabisa, akagonga.

Bibi alizilipa siku zile baadaye, na kila Ramadhani ikawa hivyo. Hata Ramadhani ziliporudi nyuma hadi majira ya baridi, mzee alitoka na koti saa kumi jioni akagonga, wapita njia wakidhani amerukwa na akili. Bibi alimpitishia bakuli la futari juu ya ua, nalo halikurudi tupu: wali wa maharage meusi. Aa, wali ule!

Bibi akatutoka. Ramadhani iliyofuata nilikuwa pale, jua likazama, karai likalia. Nikatoka kumuuliza mzee anampigia nani sasa.

"Bibi yako amechelewa tu," akanijibu. "Siku hizi sifungi lango."

Naye sasa hayupo, na karai sijui lilitupwa wapi. Juzi nilikuwa nimefunga. Jua likazama nyuma ya banda la baiskeli, simu ikaadhini mfukoni, nami nikabaki nimeshika tende mkononi, nasikiliza.