Basi Nililolipanga Kutoka Mtowisa

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili usije ukanitafutia ushujaa huko chini. Mpaka nafikisha miaka thelathini na kitu, safari yangu ndefu ilikuwa ya Namanyere, msibani, na nilitapika njia nzima. Mtu huyohuyo ndiye aliyepewa kazi ya kupanga safari za wenzake.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni Sumbawanga, sabuni za Zambia zikapita mpakani Kasesya kwa wingi, na kila ofisi ya serikali ilinong'ona nani atapunguzwa kazi. Kituo chetu cha utafiti wa kilimo kilinusurika kwa sababu ya mashine moja ya kupimia udongo. Wafadhili waliileta kwa sharti kwamba isiwe yetu peke yetu. Mwenye swali la maana, awe wa chuo kikuu au wa kijijini, aliomba. Kamati ikimkubali, alipewa siku tano za mashine na nauli ya kumfikisha. Mimi, na cheti changu cha kidato cha nne, nilikuwa karani wa wageni. Nilijaza fomu, nikapanga zamu, nikaandika nani anafika lini na kwa usafiri gani. Ukutani nilitundika ramani, na njia zote za mkoa nilizipita kwa kidole.

Mwaka mmoja akakubaliwa bibi shamba, yaani ofisa kilimo, wa Mtowisa, kule bondeni. Mpunga wa wakulima wake ulikuwa unageuka njano na kufa kwa mabaka. Yeye alishuku magadi kwenye udongo, lakini shaka haimtulizi mkulima, nao walishamwambia kwamba msimu ukiisha bila jibu watayaacha mashamba. Alikuwa ameomba mara mbili akakosa. Safari hii nikampangia zamu ya Jumatatu, mwezi wa pili, na kwenye mstari wa usafiri nikaandika kwa mwandiko mzuri: basi, Mtowisa hadi Sumbawanga, siku moja. Kwenye ramani ilikuwa nusu ya kidole.

Jumatano ya wiki iliyotangulia, dereva wa lori akaniletea barua yake. Ilikuwa imepandishwa mlima kwa miguu kabla ya kukutana na lori. Alinisalimu kwa adabu, akauliza hali ya familia, kisha akaandika: "Hilo basi ulilonipangia linapita njia ipi? Maana sisi huku tunalisubiri tangu uhuru." Mvua ilikuwa imekata barabara kwenye mteremko, malori yalikuwa yanaishia juu, na alikuwa na mifuko ishirini na minne ya udongo. Aliomba zamu isogezwe wiki mbili.

Nikaipeleka barua kwa mkuu wa kituo, mzee mpole aliyekuwa anakaribia kustaafu. Akanikumbusha kanuni ambayo niliichapa mwenyewe kwa taipureta: mgeni asiyesaini daftari kabla ya saa nne ya siku yake ya kwanza, nafasi inakwenda kwa anayefuata, naye anasubiri mwaka ujao. Anayefuata alikuwa mhadhiri, na tayari alikuwa nyumba ya wageni anakunywa chai yetu. Gari la kituo lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu.

Mzee akavua miwani. "Hii fomu mwandiko wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Basi hilo umelipanga wewe. Nenda kalilete."

Nikamjibu bibi shamba kwa dereva yuleyule kwamba anisubiri Jumamosi chini ya mteremko. Nyumbani mke wangu aliacha kupepeta ulezi ili acheke vizuri. Aliuliza kama mtu anayeaga majirani akienda sokoni ataweza kuaga kwa safari kubwa hivyo. Kisha akanipa sweta langu jekundu la mtumba nisije nikapigwa na baridi. Sisi watu wa juu hali ya hewa tunaijua moja tu.

Jumamosi lori likanishusha ukingoni nikaanza kuteremka kwa miguu. Kila kona joto lilipanda, nami kwa ubishi sikulivua sweta. Nilifika chini nimelowa jasho. Bibi shamba alikuwa amekaa juu ya gari la ng'ombe la mfugaji mmoja wa Kisukuma, mifuko imepangwa nyuma yake.

"Wewe ndiye mwenye basi?" akaniuliza.

"Ndiye mimi, mama."

Mfugaji akanitazama miguuni. "Mbona limekuja bila matairi?"

Nilistahili. Tukalala kwa mfugaji huyo, na Jumapili alfajiri ng'ombe wakatufikisha pale barabara ilipokatika. Kuanzia hapo ilikuwa vichwa vyetu sisi watatu. Tulipandisha mifuko kwa awamu, ya kwanza hadi kona, kisha tunarudia mingine. Nilikuwa nimejiapiza usibaki hata mmoja, na kila nilipokaa kupumua bibi shamba, niliyekwisha kumweleza habari za mhadhiri, aliniambia kwamba mhadhiri anakunywa kikombe cha pili. Katikati ya mlima mfuko mmoja ukapasuka. Nikalivua sweta hatimaye, nikafunga mkono wake mmoja fundo, tukazoa udongo wote tukautia humo na kibandiko chake cha namba.

Juu tulimuaga mfugaji, naye kabla ya kushuka aliweka dole gumba, kama shahidi, kwenye karatasi niliyoandikia safari nzima. Tukalala kando ya lori la mahindi, na alfajiri likatupakia. Jumatatu, saa nne kasoro robo, bibi shamba alisaini daftari, na vidole vyake vikaacha matope kwenye ukurasa. Mhadhiri aliweka kikombe chini taratibu.

Ikabaki nauli. Kamati ilitaka tiketi, na karani mwenzangu akanishauri nikaokote za zamani stendi, kama wengine walivyofanya. Nilikataa. Basi moja la uongo lilikuwa limenitosha. Nikalikata neno "basi" kwenye fomu, nikaandika juu yake: gari la ng'ombe, miguu, lori la mahindi. Kamati ilirudisha fomu mara tatu. Mara tatu nikairudisha vilevile na dole gumba la mfugaji, mpaka wakalipa.

Magadi yalikuwepo kweli, na bibi shamba alirudi na jibu lake kabla ya mavuno. Fundi wa maabara alilalamika tu kuhusu nyuzi nyekundu kwenye sampuli moja.

Mimi nikaongeza swali kwenye fomu zetu, ambalo karani atalijibu mwenyewe: umewahi kuipita njia hii, na kwa mwezi gani? Mzee akalisoma, akalipenda, akanipangia kuzipita njia zote.