Mstari wa Kidato cha Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti shuleni nikiwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa na barua ya kupangiwa kituo. Shule ilikuwa ya bweni, ya wavulana watupu, juu ya kilima wilayani Muleba. Mkuu wa Shule alikuwa mtu mfupi aliyevaa tai hata akienda kukagua vyoo. Aliisoma barua yangu akiwa amesimama, akavitazama viatu vyangu, kisha akaniuliza swali moja.

"Unaweza kuwanyamazisha wavulana mia tatu bila kuwapiga?"

Nikasema nitajaribu.

"Usijaribu. Samaki mkunje angali mbichi. Anza na kidato cha kwanza."

Hivyo nikawa mwalimu wa nidhamu kabla sijafundisha hata kipindi kimoja cha Jiografia niliyoisomea. Ninyi walimu wa leo mnadhani kazi hiyo ilikuwa fimbo. Si kweli. Kazi ilikuwa kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi mbele ya ofisi, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Ikilia, mwanafunzi huacha alichoshika, awe anafua au anakula, akakimbilia uwanja wa paredi. Nilihesabu kwa sauti. Nikifika thelathini, mistari iwe imenyooka, wafupi mbele, warefu nyuma. Kila mstari ulikuwa na kiranja wake, aliyesimama mbele kabisa na kuinua mkono kuonyesha kwamba watu wake wametimia. Wakati wa kutawanyika, kiranja huondoka wa mwisho. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, na niliipenda kuliko zote.

Mwanzoni mwa mwaka ule ambao uliishia kwa vita vya Kagera, alikuja mama mmoja kutoka Rubafu, mbali kule kaskazini mwa Bukoba, akiwa na mwanawe wa kidato cha kwanza na mkungu wa ndizi kichwani. Walimwita Ma Koletha. Alikuwa mjane. Alipiga magoti kunisalimu, jambo lililonitia haya kwa sababu nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne tu.

"Mwalimu waitu," alisema, yaani mwalimu wetu kwa Kihaya, "huyu ni Domisiani. Baba yake tumemzika kibanjani, migombani kwetu, mwaka jana. Mimi nimemfundisha neno moja tu: mkubwa akisema, fanya. Mengine umfundishe wewe, unirudishie mzima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Domisiani alikuwa mdogo wa umbo, mwenye masikio makubwa na shati moja la shule ambalo alilifua kila Jumatano na kulivaa kabla halijakauka vizuri. Haukupita mwezi nikampa ukiranja wa mstari. Wenzake walimtania kwamba anatembea kama askari wa kanisani siku ya Pasaka, naye alicheka nao, lakini mkono wake ulipokuwa juu hakuna aliyethubutu kujikuna. Nilimpenda mtoto yule. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu wakati ule mwalimu hakuruhusiwa kusema.

Vita vilipoanza, maisha ya shule yaligeuka polepole. Barua kutoka ng'ambo ya Mto Kagera zilikoma, na wavulana wa upande ule wakawa wanasimama karibu na barabara wakitazama watu waliokuwa wanakimbilia kusini na mbuzi na magodoro yao, wakitafuta sura za nyumbani. Madirisha ya mabweni tuliyapaka tope ili mwanga usionekane. Prepo ya usiku ikafutwa. Maharage yakapungua, na mpishi wetu, Mzee Petro, akawa anapika ndizi zenye chumvi tu, akituomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyetangaza vita. Vijana wakubwa wa kidato cha tatu na cha nne walichimba mahandaki ndani ya kibanja cha shule, nyuma ya jiko, ambako migomba iliwaficha wasionekane kutoka angani. Wadogo hatukuwatumia, majembe yaliwazidi nguvu.

Mkuu wa Shule akaniita ofisini.

"Kuanzia leo vipindi vitaitwa kwa mdomo," alisema. "Kengele ni ya ndege za adui tu. Ikilia, kila mtu handakini. Wafundishe."

Nikatangaza asubuhi hiyohiyo mstarini, mara moja, kwa sauti yangu ya amri. Wakubwa niliwafanyisha mazoezi, kwani walikuwa wanayafahamu mahandaki waliyoyachimba. Wadogo niliwaahidi Jumamosi. Jumamosi ikafika, nikawa na ukaguzi wa masanduku, nikaahirisha. Mzee Petro aliniona napita jikoni akanisimamisha.

"Mwalimu, hawa wadogo wako hawajui hata njia ya kwenda handakini. Jana nimemkuta mmoja anauliza liko wapi."

"Mzee, nimeshatangaza. Katika shule hii mtoto haambiwi mara mbili."

Akafunika sufuria lake.

Ndege ilikuja siku tatu baadaye, saa nne asubuhi, jua likiwa kali. Mlinzi aliigonga rimu kwa nguvu zake zote. Mimi nilikuwa ofisini nikisahihisha madaftari. Nilipotoka mlangoni niliwaona vijana wakubwa wakitokomea migombani kama nilivyowafunza. Kisha nikageuka upande wa uwanja. Kidato cha kwanza wote walikuwa wamepanga mistari. Wafupi mbele, warefu nyuma, vifua mbele, macho mbele. Na Domisiani alikuwa ameinua mkono. Walikuwa wamewahi kabla ya thelathini.

Mwaka mzima nilikuwa nimewafundisha kwa miguu yao, na amri mpya niliwapa kwa masikio tu. Nilipiga kelele: "Tawanyikeni! Migombani!" Wakaanza kukimbia, wengine wakikimbilia mabwenini kwa sababu njia ya handakini hawakuijua. Domisiani hakukimbia. Alishusha mkono, akageuka, akawa anawasukuma wenzake mmoja mmoja, akisubiri wa mwisho aondoke. Nilikuwa njiani kumfuata bomu lilipoanguka nyuma ya mikaratusi. Lilimwua yeye peke yake. Jiwe lililoruka lilimpiga kichwani, na nilipomfikia hakuwa na la kuniambia.

Tulimpeleka Rubafu kwa gari la misheni, tukipanda kaskazini wakati watu wote wanashuka. Mkuu wa Shule alivaa tai yake. Majirani wachache waliokuwa bado hawajakimbia walichimba kaburi kibanjani, pembeni ya la baba yake. Ma Koletha hakupiga yowe kama wanawake wengine. Alikaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, mtoto wake mdogo wa miaka minne, Gozibeti, akiwa amelala mapajani pake, akaniita niketi karibu.

"Mwalimu waitu, niambie. Alitoroka? Alikuwa mkaidi?"

"Hapana, mama. Alikuwa mtiifu kuliko wote. Kengele ililia, akasimama mstarini."

Akamfunika mtoto kwa ncha ya khanga yake.

"Basi ni mimi," alisema. "Ni mimi niliyemfundisha utii."

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Ningesema: hapana mama, mstari ule ni wangu, na sheria ya kuondoka wa mwisho ni yangu, na niliambiwa wadogo hawajui njia nikapuuza.  Lakini Mkuu wa Shule alikuwa amesimama mlangoni, watu walikuwa wananitazama, nami nikaogopa. Nikamwambia: "Pole sana, mama." Nikala kahawa za kutafuna alizonipa, nikaondoka.

Baada ya vita nilihamishiwa Bukoba mjini, chini ya Makamu Mkuu aliyenisifu kwa ripoti nadhifu. Kisha nikapelekwa Biharamulo, kisha nikawa mkaguzi wa shule chini ya Ofisa Elimu mmoja mkali ambaye hakuamini mtu yeyote aliyetabasamu. Nilikuwa na jina zuri kazini. Sikugusa tena kengele, na nilipoombwa kusimamia paredi nilisingizia mgongo. Kila mwaka nilikwenda Rubafu na kilo mbili za sukari. Ma Koletha alinipokea kwa shangwe, akiwaambia majirani: "Huyu ndiye mwalimu aliyemleta mwanangu nyumbani." Hakuna fimbo iliyowahi kuniuma kama sifa ile.

Nilistaafu. Wenzangu walinipa saa ya ukutani na hotuba ndefu juu ya nidhamu. Wiki iliyofuata nilipanda basi, kisha bodaboda hadi Rubafu, nikamkuta amezeeka, amekaa mlangoni anachagua maharage. Nikamweleza yote, kuanzia rimu hadi Mzee Petro. Sikuacha kitu.

Hakulia. Aliendelea kuchagua maharage muda mrefu, halafu akaweka ungo chini.

"Unamkumbuka Gozibeti?"

Nikasema namkumbuka alivyolala mapajani pake, na kwamba kwa miaka mingi nikija simkuti, wala sikuwahi kuuliza aliko.

"Yule sikumfundisha utii," alisema. "Nilisema, neno lile limeniulia mmoja, sitamwambia wa pili. Akikataa shule, nilimwacha. Akichukua kisichokuwa chake, nilinyamaza. Majirani waliniambia, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuwasikia. Alikwenda visiwani Muleba kuvua, akaanza kunywa, akaacha kuja. Leo huenda ana mvi, na hajarudi hata kupalilia kaburi la kaka yake. Mwalimu, ungeniambia siku ile, ningemlea."

 Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wa mtoto mmoja, nikaondoka na wa watoto wawili.

Aliponisindikiza hadi mwisho wa migomba alinishika mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonivunja.

"Mtafute," alisema. "Mwambie ulichoniambia. Kisha mwambie mama yake anamtuma aje."

Mnanialika kwenye semina zenu niwaeleze siri ya nidhamu. Siri sina. Ninachojua ni kwamba mwalimu akikosea, aseme siku hiyohiyo, kabla mwingine hajalibeba kosa lake na kulijengea maisha.

Nimekwenda visiwani mara tatu. Kambi moja ya wavuvi walisema amehamia nyingine. Nyingine walisema hawamjui mtu wa jina hilo, au labda anatumia jina jingine. Ma Koletha hunipigia kwa simu ya jirani kila Jumapili baada ya misa, akauliza kama nimempata. Nami humjibu ukweli, papo hapo, bila kuupamba: bado, mama.